Mrao, Gumegume, Fataki: Majina ya Bunduki za Bei Rahisi

Taarifa za polisi zimetuzoesha sentensi moja: watuhumiwa wamekutwa na bunduki aina ya gobore, iliyotengenezwa kienyeji. Msomaji huipita haraka, kwa kuwa anaamini ameshaelewa. Gobore, kwake, ni bunduki ya kizamani, ya bei rahisi, isiyoweza kusimama mbele ya bunduki ya kisasa kama SMG. Lakini neno hilo, kwa jinsi tunavyolitumia leo, limemeza maneno mengine matatu ambayo Kiswahili kilikuwa nayo, kila moja na maana yake kamili. Nataka kuyatetea, kwa sababu yanajibu maswali mawili ambayo gobore peke yake haliwezi kuyajibu. Bunduki ya bei rahisi inategemeka kiasi gani? Na mwenye bunduki hiyo anamtegemea nani?

Jina la ukoo ni bunduki, tulilolipata kwa Waarabu. Wapo wanaolihusisha na mji wa Venice, ambao Waarabu waliuita al-Bunduqiyya, na wapo wanaolihusisha na bunduq, tunda dogo la mviringo lenye ganda gumu ambalo jina lake lilipewa pia tufe la kurusha. Kwa vyovyote, ni jina la jumla. Linatuambia kuna mtutu na kuna kitu kinachotoka mtutuni, basi. Waswahili walipotaka kusema zaidi waliongeza neno la pili: bunduki ya mrao, bunduki ya gumegume, bunduki ya fataki. Maneno haya yamo katika kamusi za zamani, na yeyote aliyeyatunga aliijua silaha kwa mkono wake.

Bunduki zote tatu hujazwa kwa njia moja. Baruti humiminwa mdomoni, hufuatwa na risasi au marisau (risasi ndogondogo), kisha mdeki hupitishwa kushindilia. Zinapotofautiana ni namna moto unavyoifikia baruti. Hapo ndipo bunduki inapolia au inapogoma, na Waswahili walichagua mahali hapo hasa pa kuzipatia majina. Hawakuzipambanua kwa urefu, kwa uzito, wala kwa nchi zilikotoka.

Mrao ni utambi. Mwenye bunduki ya mrao hutembea na moto mkononi; anapotaka kupiga, utambi unaowaka hushushwa kwenye baruti. Mvua ikinyesha, utambi huzima. Usiku, kaa lake jekundu humwonyesha mwenyewe kabla hajamwona anayemwinda.

Gumegume ni jiwe gumu la kutoa cheche. Mtambo ukifyatuliwa, jiwe hugonga bamba la chuma, cheche huangukia kwenye kibakuli kidogo chenye baruti, na mwako hupenya kwenye tundu hadi ndani ya mtutu. Hakuna tena haja ya kubeba moto. Lakini jiwe huisha makali, upepo hupeperusha baruti ya kibakulini, unyevu huilowesha, na mara nyingine kibakuli huwaka huku mtutu ukibaki kimya.

Fataki ni kifuniko kidogo cha shaba chenye dawa inayolipuka kwa kugongwa. Njia hii ilianzia kwa Alexander Forsyth, mchungaji wa kanisa huko Scotland aliyekuwa mwindaji wa ndege, ambaye mwaka 1807 alipata hataza ya kutumia dawa ya kulipuka badala ya jiwe. Kifuniko cha shaba kilikuja baada yake. Fataki huvikwa juu ya tundu, hivyo mvua na upepo havina nafasi kubwa ya kuharibu.

Tofauti kati ya gumegume na fataki ilipimwa. Mwaka 1834, huko Woolwich nchini Uingereza, jeshi lilizijaribu kwa mapigo 6,000 kila upande. Za gumegume ziligoma mara 922, za fataki mara 36. Kwa maneno mengine, askari mwenye gumegume alipaswa kutazamia kuangushwa takriban mara moja katika kila mapigo sita au saba. Kwa hesabu hiyo jeshi la Uingereza likaanza kuziacha bunduki za jiwe.

Mtu angeishia hapo na kusema gumegume ilikuwa silaha duni. Mimi naona hapa ndipo maneno yetu yanapoanza kutufundisha. Woolwich palikuwa na ghala. Fataki zikiisha, askari alipewa nyingine. Sasa ihamishie hesabu hiyo Tabora au Ujiji katika miaka ya 1870, miezi ya safari kwa miguu kutoka Bagamoyo. Huko, mwenye bunduki ya fataki aliyeishiwa na fataki amebaki na fimbo nzito. Mwenye gumegume, jiwe likiisha makali, aliweza kulichonga upya au kutafuta jiwe jingine gumu. Mhunzi wa kijiji aliweza kunyoosha chuma cha mtambo wake. Marisau yakikosekana, vipande vya chuma viliingia mahali pake. Iligoma mara nyingi zaidi, lakini iliendelea kuwa bunduki kwa miaka mingi zaidi.

Yasome basi majina yale kwa utaratibu huo. Mrao unakuambia unategemea kamba na moto wako mwenyewe. Gumegume inakuambia unategemea jiwe na mhunzi. Fataki inakuambia unategemea duka la Pwani. Na ilipofika silaha inayojazwa kwa nyuma, yenye baruti na risasi vilivyofungwa ndani ya ganda moja, Kiswahili kilikuwa tayari na neno kiasi, kiasi cha bunduki, yaani kipimo kilichokwisha kupimwa na mtu mwingine. Hapo unategemea kiwanda kilichoko ng'ambo ya bahari. Kila hatua iliongeza uhakika wa mlio, na kila hatua ilimsogeza mwenye bunduki mbali zaidi na uwezo wa kujilisha silaha yake. Jina la bunduki ni jina la anayetegemewa.

Ndiyo maana napendelea kusema kutegemeka kuliko kuaminika tunapozungumzia vyombo. Anayeaminika ni mtu, au habari. Kutegemea kuna uzito wa mwili ndani yake: ni kuegemea, na aegemeaye hana budi kuuliza kile alichokiegemea kimesimama juu ya nini.

Wauzaji waliijua biashara yao. Majeshi ya Ulaya yalipohamia silaha zinazojazwa kwa nyuma, katika miaka ya 1860 na 1870, bunduki za kushindilia zilizotupwa ghalani zilitafutiwa soko, na Afrika ikawa soko hilo. Mafundi wa Birmingham na Liège nao walitengeneza bunduki za bei ya chini kwa ajili ya biashara hiyo. Mwaka 1888 Euan-Smith, konseli mkuu wa Uingereza Zanzibar, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Wapagazi wa Kinyamwezi walirudi kwao na bunduki walizonunua kwa ujira wa safari. Mirambo, mtawala wa Kinyamwezi, alijenga dola yake kwa rugaruga, wapiganaji wake waliobeba bunduki hizo. Mfanyabiashara Hamed bin Muhammed el-Murjebi alieleza mwenyewe kwamba jina la Tippu Tip alipewa kwa mlio wa bunduki zake, ingawa wengine walisema ni kwa sababu ya kupepesa macho.

Hapa neno rahisi linatutaka tuwe waangalifu. Kiswahili kimeweka katika neno hilo moja bei ndogo na wepesi wa kutenda, na kwa silaha maana hizo mbili hazitengani. Bunduki iliyokuwa rahisi kununua ilifanya iwe rahisi kuvamia kijiji kisichokuwa nayo. Ililipiwa kwa pembe za ndovu, na pembe zilibebwa na watu, na wengi wa watu hao walikuwa wametekwa. Kwa mfanyabiashara wa Pwani, gumegume ilikuwa bidhaa ya bei ya chini. Kwa mwanamke wa Manyema, mashariki ya Kongo, aliyefungwa mnyororo baada ya mlio wake, hakuna silaha iliyogharimu kuliko hiyo. Siwezi kuandika juu ya thamani ya bunduki za bei rahisi kana kwamba mnunuzi ndiye pekee aliyelipa.

Kisha ikaja sheria, nayo ikatumia istilahi zilezile. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yalitia saini Mkataba wa Brussels dhidi ya biashara ya watumwa. Mkataba huo ulizuia silaha kuingia katika eneo kubwa la Afrika, kuanzia latitudo 20 kaskazini hadi 22 kusini. Zilizofungiwa mlango hasa ni bunduki zenye mtutu wa mifuo na zile zinazojazwa kwa nyuma. Serikali za kikoloni ziliachiwa nafasi ya kuruhusu, kwa masharti, bunduki za jiwe zenye mtutu laini pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Kwa lugha yetu: Mwafrika aliachiwa gumegume. Lengo la kukomesha utumwa lilikuwa la haki. Lakini mstari uliochorwa kati ya gumegume na kiasi ulikuwa pia mstari kati ya atakayetawaliwa na atakayetawala, na hesabu za Woolwich zinaonyesha ni upande upi ulioachiwa silaha inayogoma.

Matokeo yake yalionekana upesi. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, Wahehe wa chifu Mkwawa waliwashinda askari wa Kijerumani wa Emil von Zelewski kwa mikuki na kwa kuvizia, wakateka mamia ya bunduki za kisasa. Ushindi ulikuwa mkubwa, ila bunduki hizo zilikuwa za kiasi, na Mkwawa hakuwa na kiwanda cha kuzilisha. Miaka kumi na minne baadaye, katika Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, watu wa kusini walikwenda vitani na mikuki, mishale na bunduki za kushindilia. Mahenge, Agosti 1905, walikutana na bunduki ya rashasha, ambayo Kiswahili kiliiita bombomu kwa kuiga sauti yake. Ahadi ya Kinjikitile Ngwale, mganga aliyewahamasisha wapiganaji hao, kwamba risasi zitageuka maji imezungumzwa mno kama ushirikina. Mimi huisoma pia kama kilio cha watu waliojua vizuri pengo lililokuwapo kati ya mlio wao mmoja na milio isiyokoma ya upande wa pili. Vita viliisha mwaka 1907, njaa ikaua wengi kuliko risasi, na bunduki za kushindilia zikakusanywa na serikali ya Wajerumani.

Maneno yenyewe hayakufa. Yalihamia kwa watu. Leo mume gumegume ni mwanamume asiyefaa, ambaye familia haiwezi kumwegemea. Fataki ni kitu cha kulipua wakati wa sikukuu, na nchini Tanzania, kwa nguvu ya kampeni ya redio, likawa jina la mtu mzima anayewarubuni wasichana wadogo. Mmoja hawaki anapohitajika, mwingine hulipuka mahali pasipompasa. Lugha iliyapeleka maneno ya silaha katika maadili, na katika safari hiyo hukumu ya kutegemeka haikupotea.

Gobore la leo nalo linahitaji hukumu hiyo. Chini ya jina hilo tumeweka vitu viwili tofauti kabisa. Kuna bunduki ya kushindilia iliyotoka kiwandani, yenye kibali, ambayo mkulima amerithi na kuitumia kulinda mihogo dhidi ya nguruwe pori. Na kuna bomba la maji lililokatwa na kufungwa kwenye kipande cha mti. Mtutu wa kwanza ulizaliwa katika utaratibu wa upimaji. Birmingham ilipata nyumba yake ya kupimia mitutu kwa sheria ya mwaka 1813: mtutu hujazwa baruti kupita kawaida, hupigwa, na ukisalimika hugongwa muhuri. Bomba la maji halikutengenezwa kuhimili nguvu ya baruti. Mara nyingi lina mshono wa kuunganishwa, na likipasuka hupasuka karibu na uso na mkono wa aliyelishika. Kwa bei, vitu hivi viwili vinaweza kukaribiana. Kwa kutegemeka, kimoja kinaweza kuwa chombo cha kazi na kingine ni ajali inayosubiri siku yake. Anayeviita vyote gobore amemficha msomaji jambo alilostahili kulijua zaidi ya yote.

Hata SMG, jina ambalo polisi wetu huipa AK-47, ingesomeka vizuri zaidi kwa macho ya wahenga wale. Sifa yake ya kuvumilia vumbi na matope inatokana na nafasi zilizoachwa kati ya vipande vyake vinavyotembea, na bei yake ndogo imetokana na kutengenezwa kwa wingi mno duniani. Lakini ni bunduki ya kiasi. Bila magari na meli za kuleta risasi, hunyamaza. Kwa hiyo mapambano ya amani katika ukanda wetu hayawezi kuhesabu bunduki peke yake. Ni lazima yafuate risasi, kwa kuwa huko ndiko inakoegemea.

Naomba mambo matatu kwa wenye kalamu na dhamana. Watunga kamusi wayarudishie mrao, gumegume na fataki maelezo kamili ya namna zinavyofanya kazi, si kuyafunga yote kwa maneno "bunduki ya kizamani". Makumbusho yetu, yanapoonyesha silaha za Mirambo, Mkwawa au Maji Maji, yaandike kwenye kibao aina ya mtambo wa kila bunduki, ili mwanafunzi aelewe kwa nini waliozishika walipigana namna walivyopigana. Na waandishi wa habari za polisi na mahakama watutenganishie bunduki ya kushindilia na bomba lililokatwa. Haki ya mshitakiwa iko katika tofauti hiyo, na usalama wa kijana anayeshawishiwa kununua bomba hilo kwa sababu ni rahisi uko hapohapo.