Dhahabu ya Kilwa katika Mji wa Lisbon

Kila mtoto wa shule katika nchi zetu za pwani hufundishwa habari za Wareno: jinsi walivyokuja kwa merikebu, wakapigana na miji yetu, wakajenga ngome ya Mombasa, hata mwisho wakafukuzwa. Lakini ni wachache kati yetu waliopata kuuona mji zilikotoka merikebu hizo. Sisi tulijaliwa kukaa humo siku tatu tulipokuwa safarini Ulaya, na kwa kuwa siku tatu hazitoshi kuona yote, tuliazimu kutazama machache, hasa yale yanayohusu pwani yetu. Hayo ndiyo tunayotaka kuwasimulia wasomaji.

Lisbon ndio mji mkuu wa Ureno. Umejengwa juu ya vilima, ukingoni mwa mto Tagus, karibu na mahali mto huo uingiapo katika bahari ya Atlantiki. Njia zake nyingi ni nyembamba, za kupanda na kushuka, na tramu ndogo hupita karibu kabisa na milango ya nyumba. Juu ya kilima kimoja iko ngome ya Mtakatifu George, iliyokuwa zamani ya Waislamu, maana nao waliutawala mji huo miaka mingi, hata mwaka 1147 mfalme Afonso Henriques akauteka kwa msaada wa askari wa Msalaba waliokuwa wakienda Nchi Takatifu. Mgeni atokaye kwetu hustaajabu kusikia humo maneno anayoyajua tangu utotoni. Meza huitwa mesa, bendera huitwa bandeira, na leso huitwa lenço. Hayo si maneno yetu waliyoyachukua. Ni yao waliyotuachia.

Siku ya kwanza tulishuka mpaka uwanja mkubwa ulio kando ya mto. Wenyeji wengine hata leo huuita Uwanja wa Jumba la Mfalme, ingawa jumba lenyewe halipo. Tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, asubuhi, watu walipokuwa makanisani, nchi ilitetemeka kwa nguvu nyingi. Mapaa ya makanisa yakawaangukia waliokuwa wakisali. Wengi wakakimbilia mtoni wakidhani huko ni salama, na baada ya muda maji yakaja kwa mawimbi makubwa yakawachukua. Kisha moto ukaenea mjini, ukawaka siku kadhaa. Walikufa watu maelfu kwa maelfu, na jumba la mfalme likaangamia pamoja na hazina yake ya vitabu.

Waziri wa mfalme, Sebastião José de Carvalho e Melo, aliyeitwa baadaye Marquês de Pombal, aliujenga upya mtaa ule wa chini. Alinyosha njia, akaagiza ndani ya kuta za nyumba ziwekwe fremu za miti zilizofungamana, ili nchi ikitetemeka nyumba ziyumbe zisianguke. Husimuliwa kwamba kwanza mfano wa jengo ulijaribiwa kwa askari waliopiga hatua kwa kishindo kuuzunguka. Kanisa la watawa Wakarmeli limeachwa bila paa mpaka leo, na anayesimama ndani yake huona mbingu kati ya matao.

Siku ya pili tulikwenda upande wa magharibi, mahali paitwapo Belém, yaani Bethlehemu. Hapo ndipo Vasco da Gama alipoondokea Julai 1497 kutafuta njia ya Bara Hindi. Mwezi wa Aprili mwaka uliofuata alifika Mombasa, kisha Malindi, ambako alipewa rubani wa kumvusha. Karibu na mahali hapo mfalme Manuel wa Kwanza alijenga monasteri kubwa ya watawa wa Mtakatifu Jeromi, iliyoanzwa mwaka 1501. Mawe yake yamechongwa kwa ustadi hata yakafanana na kamba za merikebu na vitu vya baharini. Fedha ya kuijenga ilitoka kwa sehemu kubwa katika ushuru wa biashara ya Afrika na Mashariki. Tetemeko la mwaka 1755 halikuiangusha. Ndani ya kanisa lake limo kaburi la Vasco da Gama, karibu na mlango. Yeye alifariki Cochin, katika Bara Hindi, mwaka 1524, na mifupa yake ilihamishiwa humo katika karne ya 19.

Siku ya tatu ndiyo iliyotugusa zaidi. Tuliingia katika jumba la makumbusho ya sanaa za kale, tukaonyeshwa monstransi, yaani chombo cha kuwekea Ekaristi ili watu waiabudu. Kimo chake ni sentimita 73, nacho kimefanywa kwa dhahabu na kupambwa kwa rangi za kuyeyushwa motoni. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti kuzunguka mahali pa Ekaristi, juu yao yuko njiwa, na chini kuna maua na ndege wadogo. Husemwa kwamba fundi wake ni Gil Vicente. Kwenye tako lake pameandikwa kwa Kireno kwamba mfalme Manuel aliamuru kifanywe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kwamba kilikamilika mwaka 1506.

Kilwa hiyo ni Kilwa Kisiwani yetu. Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko aliyefika huko mwaka 1331, aliusifu mji huo kwa uzuri wake. Masultani wake walikuwa wamepata mamlaka juu ya Sofala, bandari ya kusini ambako dhahabu iliteremshwa kutoka bara, kutoka nchi ya Zimbabwe. Wachimbaji waliitoa ardhini kwa jasho, wafanyi biashara wakaibeba mpaka pwani, na watawala wa Kilwa wakaitoza ushuru mzito.

Mwezi wa Julai 1502 Vasco da Gama alifika Kilwa mara ya pili ya safari zake, akiwa na merikebu nyingi zenye mizinga. Alimtisha Amiri Ibrahim kwamba asipokubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kutoa kodi, mji utateketezwa. Amiri hakuwa na mizinga ya kumjibu. Akakubali kulipa mithkali 1,500 za dhahabu kila mwaka, nazo ni zaidi ya kilo sita. Dhahabu ya kwanza ilichukuliwa mpaka Lisbon mwaka 1503. Baadaye kodi haikulipwa tena, na Julai 1505 Francisco de Almeida alikuja na kundi jingine la merikebu, akauteka mji, askari wake wakaupora, naye Ibrahim akakimbia. Msomaji na aziangalie tarehe hizi: Kilwa ilitekwa mwaka mmoja tu kabla ya chombo kile kukamilika.

Basi, tuseme nini? Fundi tunamsifu, maana kazi ya mikono yake ni njema, wala si yeye aliyetisha mtu. Wala hatusemi kwamba masultani wa Kilwa walikuwa watu wasio na lawama, maana utajiri wao nao ulitoka katika jasho la wengine. Lakini tulipokuwa tumesimama pale tulimkumbuka mfalme Daudi alipotaka kujenga madhabahu katika uwanja wa Arauna. Arauna alitaka kumpa uwanja na ng'ombe bure, Daudi akakataa, asije akamtolea Mungu sadaka isiyomgharimu kitu. Alinunua kwa fedha. Mfalme Manuel alitoa kitu kizuri mno, lakini waliogharimika ni watu wa Kilwa na wachimbaji wa bara, ambao hawakuulizwa. Mtu aweza kuuona uzuri wa chombo kile na kumheshimu Yule ambaye kilifanywa kwa ajili yake, na bado asiifiche njia ambayo dhahabu ilipatikana. Walioandika maneno yale hawakuificha. Waliyaandika kwa kujisifu, nasi leo tunayasoma kama ushuhuda.

Wareno waliondoka Kilwa mwaka 1512. Ngome waliyoianza ufukoni, ambayo Waarabu wa Oman waliijenga upya baadaye, mpaka leo huitwa Gereza. Wajuzi wa lugha husema neno hilo limetoka katika neno la Kireno igreja, nalo maana yake ni kanisa. Jinsi jina la nyumba ya sala lilivyogeuka kuwa jina la nyumba ya wafungwa ni jambo ambalo sisi Wakristo wa pwani yafaa tulifikiri.

Wasomaji wengi hawatafika Lisbon, wala si lazima. Lakini Kilwa Kisiwani si mbali. Mtu huvuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko, akaona msikiti mkubwa wa mawe, na jumba la Husuni Kubwa lililo juu ya bahari, mahali ambapo tangu mwaka 1981 pamewekwa katika orodha ya urithi wa dunia. Twawasihi walimu wenzetu na wazazi wanaoweza, wawapeleke watoto huko, na wanapokuwa wamesimama kati ya kuta zile wawaambie dhahabu iliyopita hapo ilitoka wapi, nani aliichimba, na sasa iko wapi.