Bariadi Katika Majalada ya Maswa

Mtu aendaye Nyaraka za Taifa, mtaa wa Vijibweni, Upanga, Dar es Salaam, akataka aletewe majalada ya Simiyu ya zama za Waingereza, atarudi mikono mitupu, wala mtunza nyaraka hana lawama. Maana mkoa huo, makao yake Bariadi, ulizaliwa mwaka 2012, na kabla ya hapo nchi za Ntuzu, Itilima, Kanadi na Dutwa ziliandikwa kwa majina mengine kadiri dola zilivyopokezana. Zama za Mjerumani zilihesabiwa chini ya boma la Mwanza, ambalo makarani wake waliliandika "Muansa". Mwingereza akaziweka katika Wilaya ya Maswa, makao yake Nyalikungu, ndani ya Jimbo la Ziwa. Na baada ya uhuru zikaingia Shinyanga. Busega, nayo ya mkoa huo huo, ina kisa chake mbali, maana ilimegwa kutoka Magu, na atafutaye habari zake hana budi kuanza na karatasi za Mwanza.

Wingi wa karatasi za zama za Mwingereza asili yake ni sheria ya mwaka 1926, ambayo kwayo Gavana Donald Cameron aliwapa watemi baraza, mahakama na hazina, watawale kwa niaba ya serikali. Na penye hazina hapakosi daftari, na penye daftari hapakosi barua ya Bwana Shauri, ofisa wa wilaya, akiuliza fedha zimekwendaje. Kodi, pamba, matuta, hesabu ya ng'ombe: aghalabu ndiyo mazungumzo ya masijala za Usukuma, na msomaji asiye na subira huchoka upesi.

Lakini kilicho bora kupita vyote, kwa rai yangu, ni kile Kitabu cha Wilaya ambacho kila boma lilipaswa kukitunza, na ambacho leo husomwa kwa maikrofilamu. Katika vitabu vya namna hii, ukurasa uliopigwa taipu na bwana mmoja husahihishwa pembeni kwa kalamu na mrithi wake, na mara nyingi yale ya pembeni ndiyo yenye faida. Nasaba za watemi zilizomo zisomwe kwa tahadhari: kwa desturi ya kale ya Wasukuma mpwa, mwana wa dada, ndiye aliyerithi kiti kwa hiari ya wateuzi waitwao banang'oma, hata zama za wakoloni urithi ukaanza kuwaelekea wana, basi mzee aliyeulizwa nani alimzaa nani hakuwa akisimulia historia tu, bali alikuwa akitetea haki ya ukoo wake mbele ya mwenye mhuri.

Utemi ulifutwa kwa sheria mwaka 1963, na ndipo serikali ilipokuwa ikianza kukusanya nyaraka za mabomani. Sheria ya kwanza ya Nyaraka za Taifa ikafuata mwaka 1965, na iliyopo sasa, ya mwaka 2002, huachia kumbukumbu zisomwe na umma zikisha kutimia miaka 30. Barua zilizopelekwa London zi huko Kew, katika nyaraka za taifa za Uingereza, chini ya alama CO 691. Karatasi za Hans Cory, yule Mwaustria aliyechunguza mila kwa ajira ya serikali na kuandika kitabu juu ya utemi mwaka 1951, hazihitaji safari ya bahari: zimo maktabani Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mtafiti wa Ntuzu akitoka Upanga hupanda daladala tu.