Mvua na Ukungu katika Mashindano ya Pikipiki ya Isle of Man

Kila apandaye pikipiki ajua ya kuwa barabara ya jua na barabara ya mvua si barabara moja, ijapokuwa ni ile ile. Leo nitawaeleza habari za watu waliopanda pikipiki katika mvua na ukungu kwa mwendo wa kutisha, na habari za watazamaji walioshindana kwa maneno juu yao. Nyuma ya mabishano hayo liko swali moja kubwa: hali ya hewa ikiharibika, ni nani mwenye haki ya kusema, "Leo basi, tusiende"?

Katika bahari iliyo baina ya Uingereza na Ireland kiko kisiwa kidogo kiitwacho Isle of Man. Kisiwa hiki ki chini ya taji la Uingereza, lakini kina baraza lake la zamani sana, jina lake Tynwald, nalo hutunga sheria za kisiwa. Jambo hilo ndilo asili ya habari yetu. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1903 iliamuru kwamba motokaa isizidi mwendo wa maili 20 kwa saa, wala serikali ya huko haikukubali kufunga barabara za watu wote kwa ajili ya mashindano. Basi wapenzi wa mchezo wakavuka bahari kutafuta ruhusa kwa majirani. Mwaka 1904 Tynwald ikatoa sheria ya kufunga barabara kwa siku za mashindano ya motokaa, na tarehe 28 Mei 1907 zikaja pikipiki 25 kushindania kikombe kiitwacho Tourist Trophy, au TT kwa kifupi. Charlie Collier akashinda katika pikipiki za silinda moja, na Rem Fowler katika zile za silinda mbili. Mwendo wa Collier ulikuwa maili 38 kwa saa, nao ulihesabiwa kuwa wa ajabu siku zile.

Mwaka 1911 mashindano yalihamishiwa njia ndefu zaidi, nayo ndiyo itumikayo hata leo. Njia hii yaanza mji wa Douglas, yapita vijijini katikati ya kuta za mawe na miti, yafika mji wa Ramsey karibu na pwani, kisha yapanda mlima Snaefell hata kupita futi 1,300 juu ya bahari, ndipo ishuke tena Douglas. Mzunguko mmoja ni karibu maili 38. Kwa hiyo huenda Douglas kuna jua, na Ramsey kunanyesha, na juu mlimani ukungu umetanda hata mtu asione hatua chache mbele yake. Wenyeji wana hadithi ya kale juu ya ukungu huo. Husema ya kuwa ni joho la Manannan, mungu wa bahari wa wazee wao, ambaye hukifunika kisiwa ili adui wasikione. Hata wapanda pikipiki wamelizoea neno hilo.

Tena, waendeshaji hawaondoki wote pamoja. Huachwa mmoja mmoja kwa kupishana sekunde 10, na mshindi ni yule ambaye saa imemhesabia muda mfupi kuliko wote. Atanguliaye barabarani pengine siye anayeongoza. Ndiyo sababu mashabiki wa TT ni watu wa hesabu. Huketi juu ya kuta na vilima tangu asubuhi, wamefunika vichwa kwa makoti ya mvua, na saa mkononi na karatasi gotini, wakiandika kila apitaye. Mwaka 1964 kisiwa kilipata kituo chake cha redio, Manx Radio, na tangu hapo wengi wamechukua redio ndogo ili wajue mambo ya upande wa pili wa mlima.

Sasa tutazame kazi ya mvua. Mpira wa pikipiki hugusa barabara mahali padogo tu, kadiri ya kiganja cha mkono, na hapo ndipo penye uhai wa mtu. Katika kona mwendeshaji hulaza pikipiki ubavu, na uzito wote hutegemea kiganja hicho. Mvua inaponyesha, maji huingia baina ya mpira na lami. Mifereji iliyochongwa katika mpira huyasukuma maji nje, lakini mwendo ukizidi, haiwahi. Matone ya kwanza ndiyo mabaya zaidi, maana huamsha mafuta na vumbi vilivyolala juu ya lami, na barabara huwa kama iliyopakwa sabuni. Chini ya miti majani yaliyoanguka huteleza, na mistari ya rangi vile vile. Kwa hiyo mwendeshaji hodari wa mvua hujulikana kwa upole wa mikono yake: hashiki breki kwa ghafula, haongezi moto kwa ghafula, wala hageuzi usukani kwa ghafula.

Hapo mashabiki hugawanyika. Wako wasemao ya kuwa mvua ni mizani ya haki. Siku ya jua mwenye injini yenye nguvu huwaacha wengine, lakini siku ya mvua nguvu hiyo yote haiwezi kufika barabarani, na ustadi wa mtu huonekana. Wako wengine wasemao ya kuwa mvua ni bahati nasibu. Kila upande hutoa ushahidi wake katika historia.

Ushahidi unaotajwa mara nyingi ni mashindano makubwa ya mwaka 1954. Waliokabiliana walikuwa wawili. Mmoja ni Geoff Duke, Mwingereza aliyepanda Gilera ya Kiitalia yenye silinda nne. Wa pili ni Ray Amm, mtu wa Rhodesia ya Kusini, nchi ambayo leo huitwa Zimbabwe, naye alipanda Norton ya silinda moja. Mwaka uliotangulia Duke alikuwa ameanguka, na Amm akashinda. Siku hiyo mvua na ukungu vilichelewesha kuanza, kisha wakaruhusiwa kuondoka. Ilipangwa kwamba watazunguka mara 7, yaani maili 264, na kwa safari ndefu hivyo kila mtu hana budi kusimama kutia petroli. Duke akasimama mwisho wa mzunguko wa tatu. Amm hakusimama, akaendelea. Mara wasimamizi wakaamua kwamba hali ni mbaya mno, wakayakomesha mashindano mwisho wa mzunguko wa nne. Amm akatangazwa mshindi, na Duke akawa wa pili.

Basi maneno hayakwisha. Watu wa Duke walisema: mtu wetu alipoteza muda kwa petroli ambayo hakuihitaji, angalijua, asingalisimama. Watu wa Amm walijibu: mtu wetu naye hakujua, alipanda katika ukungu ule ule, na silinda yake moja ikazishinda nne. Mimi naona pande zote mbili zilisema kweli, na kosa halikuwa la waendeshaji. Wasimamizi walikuwa na haki ya kuwahurumia watu, lakini uamuzi wao ulikuja wakati watu wameshatumia akili zao kwa mpango mwingine. Hukumu njema ikichelewa hufanana na dhuluma. Amm mwenyewe hakuishi kuyasikia mabishano hayo kwa muda mrefu, maana aliuawa katika mashindano huko Imola, Italia, mwezi wa Aprili mwaka 1955.

Ushahidi wa pili ni wa mwaka 1965, nao ni wa wale wapendao mvua. Mike Hailwood, Mwingereza, na Giacomo Agostini, kijana Mwitalia aliyefika kisiwani mara ya kwanza, wote wawili walipanda pikipiki za MV Agusta. Mvua ilinyesha. Agostini akaanguka katika kona iitwayo Sarah's Cottage. Baadaye kidogo Hailwood akaanguka pale pale. Akainuka, pua ikimtoka damu, kioo cha kukinga upepo kimevunjika, usukani umepinda na mabomba ya moshi yamebonyea. Akaunyosha usukani, akaiwasha pikipiki kwa kuisukuma, akaenda zake, na mwisho akashinda. Mwendo wake ulikuwa maili 91 na zaidi kwa saa. Mwaka wa 1964, Hailwood huyo huyo alishinda kwa karibu maili 101. Tofauti hiyo ya maili 9 au 10 ndiyo kodi iliyotozwa na mvua.

Habari hiyo hupendwa mno, nami sishangai. Lakini tukumbuke kwamba watu wawili walio hodari kuliko wengi duniani walianguka mahali pamoja kwa sababu moja, na kwamba wote wawili waliinuka. Si kila aangukaye huinuka.

Tarehe 9 Juni 1972 jambo hilo lilionekana wazi. Asubuhi kulikuwa na mvua na ukungu mlimani, na mashindano ya pikipiki ndogo za sentimeta za ujazo 125 yakaanzishwa vivyo hivyo. Gilberto Parlotti, Mwitalia, alikuwa akiongoza katika hesabu ya ubingwa wa dunia, na siku hiyo pia alikuwa mbele. Katika mzunguko wa pili, huko mlimani mahali paitwapo Verandah, aliteleza akatoka barabarani, akafa. Agostini alikuwa rafiki yake. Siku hiyo hiyo alipanda katika mashindano makubwa, akashinda, kisha akasema kwamba hatarudi tena kisiwani. Akalishika neno lake, na mabingwa wengine wakamfuata.

Hapo mashabiki wakabishana kuliko wakati wowote. Wengine waliwaita mabingwa hao waoga, wakisema ya kuwa asiyetaka mvua na abaki nyumbani. Lakini mwoga hashindi mara kumi katika njia hiyo, na Agostini alikuwa ameshinda mara kumi. Mtu wa namna hiyo akisema njia haifai, hapana budi kumsikiliza. Mwisho, baada ya mwaka 1976, TT iliondolewa katika hesabu ya ubingwa wa dunia, na mwaka 1977 mashindano ya ubingwa kwa nchi ya Uingereza yakafanyika Silverstone, penye uwanja uliofungwa.

TT yenyewe haikufa, na waendeshaji wangali wakienda. Jumla ya waliokufa katika njia ya mlima tangu mwaka 1911 imepita 250. Lakini siku hizi mvua ikinyesha au joho la Manannan likishuka, wasimamizi huahirisha, na watazamaji hungoja saa nyingi, hata siku, wakinung'unika na kunywa chai. Mimi nasema manung'uniko hayo ni bei ndogo.

Nami sasa nijibu swali la mwanzo. Mwendeshaji aliyekwisha kuondoka, na moyo wake umewaka, hawezi kuwa hakimu wa hali ya hewa, kwa maana kila sekunde humwambia aendelee. Hukumu na iwe kwa mtu asiyeshika usukani, naye aitoe mapema. Wahenga wetu walisema, mwenda pole hajikwai. Lakini katika mashindano hakuna mwenda pole, kwa hiyo lazima pole itoke kwa msimamizi.

Katika barabara zetu za udongo, wakati wa masika, hakuna msimamizi mwenye bendera. Abiria akiwa na haraka na mwendeshaji akitaka nauli, wote wawili husema, "Twende." Basi ni juu ya mwendeshaji kuikata hukumu yake kabla hajawasha pikipiki, maana akiisha kufika kwenye utelezi, wakati wa kuhukumu umempita.