Nyumba ya Ng'ombe wa Chuma

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu nilipenda kufundisha mwenyewe kipindi cha wapelelezi wa Kizungu. Niliandika ubaoni: "John Hanning Speke, Karagwe, Novemba 1861." Siku moja mwanachuo aliyezaliwa karibu na Bweranyange akaniuliza, "Mwalimu, huyo mgeni alipofika alimkuta nani, na nyumba yake ilikuwaje?" Nilimjibu kwa kifupi, maana jibu refu sikuwa nalo. Nimestaafu na swali hilo.

Bweranyange ilikuwa makao ya Wahinda, ukoo unaojihesabu kutoka kwa Ruhinda. Speke alimkuta Omukama Rumanyika, akakaribishwa vizuri, kisha Januari 1862 akaendelea na safari ya Buganda. Mwenzake James Grant, aliyeugua mguu, aliuguzwa hapo hadi Aprili. Ziwa dogo la jirani walilipa jina la Windermere, kwa kukumbuka ziwa la kwao Uingereza.

Wala hawakuwa wageni wa kwanza. Musa Mzuri, Mhindi Mwislamu kutoka Surat aliyefanya biashara Unyanyembe, alikuwa amekwisha kumsaidia Rumanyika kwa watu wenye bunduki alipogombea kiti na nduguye Rogero. Lakini Rumanyika alimsimulia Speke habari nyingine pia. Baada ya baba yao Ndagara kufariki, ndugu waliwekewa ngoma ndogo yenye dawa. Wenzake walishindwa kuisogeza. Yeye aliinyanyua kwa kidole kimoja. Bunduki zilimsaidia kushinda, ila haki ya kutawala watu waliiona katika ngoma.

Ndiyo maana nyumba ya vitu vya enzi ilikuwa mahali patakatifu. Stanley alioneshwa nyumba hiyo mwaka 1876: ya mviringo, ya nyasi, na ndani mikuki ya chuma iliyofuliwa kwa ustadi, bata wa shaba na ng'ombe wa shaba. Walikuwamo pia ng'ombe wa chuma, ambao wataalamu wa baadaye waliwachunguza. Msomaji asidhani ni mapambo. Katika nchi ya wafugaji na wahunzi, vitu hivyo ndivyo vilivyokuwa utawala wenyewe. Mwezi ulipoandama, ngoma zilipigwa mbele ya Omukama, na wakuu wakaja kuonesha utii.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliteketeza ng'ombe wa Karagwe. Wa chuma tu ndio ambao ugonjwa haukuwaweza. Kisha ukaja utawala wa Wajerumani, ukafuata wa Waingereza, na mwaka 1963 sheria ya Tanganyika huru ikafuta utawala wa machifu. Nilikuwa mtoto wa shule, tukashangilia. Sijutii shangwe ile, kwani mtu hastahili kutawala kwa kuzaliwa tu. Ninachojutia ni kwamba tulipofuta cheo hatukuuliza nani atatunza nyumba na kumbukumbu zake. Na mimi, mwalimu wa walimu, nilikuwa na miaka mingi ya kuuliza, nikaitumia kunakilisha tarehe za wageni.

Kama ningerudi darasani leo, ningeanza kwa kuandika ubaoni jina la Rumanyika. Speke angefuata chini yake, kama mgeni aliyebisha hodi akakaribishwa.