Ringi za Baba na Bati la Mama

Juma lililopita nilikuwa nyumbani Bariadi. Mdogo wangu anajenga, nikamsindikiza dukani kununua mabati. Muuzaji akatuletea ya aina mbili: moja linang'aa kama kioo, jingine limefifia. Mdogo wangu akalishika lile linalong'aa. Mimi nikaikumbuka baiskeli ya baba.

Ilikuwa msimu wa pamba wa mwaka 1988, Bariadi ikiwa bado wilaya ya Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulizaliwa baadaye, mwaka 2012. Baba alilipwa fedha zake za pamba, akanunua vitu viwili: baiskeli, na mabati ya nyumba ya mama. Kijiji kizima kilikuja kuitazama baiskeli. Ringi, usukani na kengele viling'aa hata ungeweza kujitazama ukanyoa ndevu. Mabati hayakusifiwa na mtu.

Haikupita misimu mitatu ya mvua, ringi zikaota vipele vyekundu. Mama akawa anazisugua kwa mafuta ya taa, vipele vinarudi. Bati lake lipo juu ya nyumba hadi leo, limepauka lakini halivuji.

Kwa nini? Vyote viwili vilikuwa chuma kilichovishwa madini mengine ili kukizuia kutu. Tofauti ilikuwa katika vazi lenyewe na namna ya kulivaa.

Vazi la bati ni la zamani. Mwaka 1742 Mfaransa Paul-Jacques Malouin aliwaeleza wanasayansi wa Paris jinsi ya kukinga chuma kwa kukichovya katika zinki iliyoyeyuka. Mwaka 1829 Mwingereza Henry Robinson Palmer akapata hakimiliki ya bati lenye migongo. Mwaka 1837 Mfaransa mwingine, Stanislas Sorel, akapata hakimiliki ya kuchovya chuma katika zinki. Bati la migongo na zinki vilipokutana, paa la kisasa likapatikana, likaenea duniani. Kwetu, kiwanda cha ALAF kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1960.

Zinki huyeyushwa kwa joto la nyuzi kama 450. Chuma kikitumbukizwa humo, madini hayo mawili hushikana hata kufanya tabaka la mchanganyiko. Zaidi ya hapo, zinki ina tabia ya kujitoa mhanga: bati likikwaruzwa, huliwa zinki ya jirani kwanza, chuma kinasalimika.

Njia ya pili ni ya umeme. Mtaliano Luigi Brugnatelli aliitumia kupaka dhahabu mwaka 1805, na mwaka 1840 akina Elkington wa Birmingham wakaifanya biashara. Chombo huning'inizwa ndani ya maji yenye chumvi za madini, umeme unapitishwa, madini yanajipanga juu yake. Katika miaka ya 1920 kromu ikaingia sokoni, ikayapamba magari na baiskeli.

Kromu ni ngumu na inapendeza, lakini mara nyingi tabaka lake halifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Chini yake huwekwa nikeli. Hizi hazijitoi mhanga hata kidogo. Pakitokea kitundu, chuma ndicho kinachotangulia kuliwa. Ndiyo vile vipele vya ringi za baba. Na nikeli yenyewe si ngeni kwetu: watafiti wa madini waliikuta katika vilima vya Dutwa, hapo hapo Bariadi.

Sasa turudi dukani. Mng'ao si ushahidi, wala kufifia si ushahidi, kwa kuwa hata zinki nzuri hung'aa ikiwa mpya na hufifia ikizeeka. Sisi huuliza geji. Geji hueleza unene wa bati. Haisemi zinki ni kiasi gani. Zinki hupimwa kwa gramu katika kila mita ya mraba, pande zote mbili pamoja. Bati la gramu 275 lina zinki ya mikroni 19 hivi kila upande. La gramu 100 lina mikroni 7 tu. Siku hizi yapo pia mabati ya mchanganyiko wa aluminiamu na zinki, uliotolewa Marekani mwaka 1972. Hayo nayo yana gramu zake.

Nikamwuliza muuzaji: "Hili lina gramu ngapi?" Akanijibu: "Geji thelathini, kaka." Nikarudia swali. Akanijibu vile vile. Tukaligeuza bati huku na huku, halikuwa na maandishi yoyote. Fedha ya mdogo wangu ni jasho la msimu mzima wa pamba, basi tukaondoka mikono mitupu.

Njia nzima alininunia. Tulipofika nyumbani akamshitakia mama kwamba nimemcheleweshea ujenzi. Mama hakusema neno. Aliinua macho tu, akalitazama bati lake.