Lenzi gani ununue kupiga picha za nyota?

Vijana wengi huniuliza swali moja: "Ami, kamera ninayo, ninunue lenzi gani nipige nyota?" Wafanya vyema kuuliza kabla ya kutoa pesa. Muuzaji akisikia neno nyota hukutolea lenzi ndefu kama mkono, na bei yake ni mshahara wa miezi.

Lenzi ndefu si ya kazi hii. Nyota zataka lenzi inayoona upana, na yenye tundu la kupitisha mwanga mwingi. Upana husomwa kwa milimita: namba ikipungua, ndivyo mbingu inavyoingia zaidi kwenye picha. Tundu huandikwa kwa herufi f, na hapa ndipo wengi wanapopotea, kwani f ndogo ndiyo tundu kubwa. Lenzi ya f/2.8 hupitisha mwanga mara mbili ya f/4.

Lakini anza na ulicho nacho. Ile lenzi ya 18-55 inayouzwa pamoja na kamera hufika f/3.5 ukiiweka kwenye 18. Weka kamera kwenye stendi, ISO 3200, sekunde 15, uone kama Akarabu na mkia wake watatokea. Ukipenda, hapo ndipo pesa zitoke.

Hizo sekunde zina hesabu. Gawanya 500 kwa milimita za lenzi. Ukizidisha muda, nyota hutoka kama vistari badala ya nukta. Kamera nyingi za bei nafuu zina sensa ndogo, basi zidisha milimita kwa 1.5 kwanza: 18 huwa 27, nawe wapata sekunde 18. Mimi hupunguza zaidi, kwa sababu sisi twakaa karibu na ikweta, na nyota zinazopita juu ya vichwa vyetu ndizo zinazokwenda mbio kuliko zote.

Wa kununua, mimi hupendekeza Samyang 14mm f/2.8. Ni ya kulenga kwa mkono, na hilo lisikutishe: gizani kamera hushindwa kulenga yenyewe. Kuza nyota moja angavu kwenye kioo cha kamera, zungusha pete mpaka iwe nukta. Alama ya mbali kabisa iliyochorwa kwenye lenzi usiiamini. Mwenye mfuko mwepesi achukue 50mm f/1.8, ni nyembamba, na kwenye sensa ndogo itakupa sekunde sita tu, lakini Kilimia hutoka vizuri sana.

Ukinunua ya mkono wa pili hapa pwani, beba tochi. Imulike lenzi kutoka nyuma, utazame ndani. Ukiona nyuzi kama za buibui, hiyo ni kuvu, mtoto wa unyevu wetu, na kuiondoa kwaweza kukugharimu kuliko lenzi yenyewe. Hata mpya huipata ikilala kabatini. Iweke kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Na ukitoka chumba chenye eksi, iache ndani ya mkoba kwanza ipate joto, la sivyo kioo kitajaa umande.

Mwezi mwandamo ni habari nyingine. Huo ndio wa lenzi ndefu, kwani hata kwa 300mm mwezi hauzidi milimita tatu kwenye sensa.

Usiku wa kutoka usitafute mbali, kalenda ya Kiislamu yatosha. Kuanzia tarehe 26 hadi 4 ya mwezi unaofuata, giza la jioni ni lako. Mwanzoni mwa Aprili kitovu cha Njia Nyeupe huchomoza baharini, mashariki kuelekea kusini, saa tano za usiku na ushei, mvua za masika zikikuruhusu. Ikifika Julai huwa kishapanda juu tangu Isha.