Gari la Maisha ya Pili: Tarehe ya Toyota Kando ya Ziwa, Kabezi hadi Nyanza-Lac

Kabla ya magari, pwani hii ya Ziwa Tanganyika nchini Burundi ilikuwa na barabara moja tu, nayo ni maji. Aliyetoka Ujiji kwenda kaskazini alipanda mtumbwi, akaambaa ufuko, akalala penye mchanga, asubuhi akaendelea. Ndivyo walivyosafiri wafanyabiashara wa Kiswahili na Wamanyema, ndivyo walivyosafiri wasafiri wa Kizungu Burton na Speke mwaka 1858, na ndivyo Livingstone na Stanley walivyofika Mugere, penye lile jiwe lenye tarehe 25 Novemba 1871. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilipofika Kigoma mwaka 1914, mzigo wa Usumbura, Bujumbura ya leo, ulishushwa kwenye behewa na kupandishwa melini, ziwa likabaki njia kuu. Rumonge ina mtaa unaoitwa Swahili mpaka leo. Watu wake waliletwa na njia hiyo ya maji, pamoja na misikiti yao na lugha yao.

Gari lilikuja baadaye, na Toyota baadaye zaidi.

Asili ya Toyota yenyewe ni nguo. Sakichi Toyoda, mtoto wa seremala, alihangaika miaka mingi na mashine za kufuma, na mwaka 1924 akakamilisha moja iliyokuwa ikisimama yenyewe uzi ukikatika, ili isiendelee kuharibu kitambaa. Mwaka 1929 haki za mashine hiyo ziliuzwa kwa Platt Brothers wa Uingereza kwa pauni 100,000. Mwanawe Kiichiro akageukia magari: la kwanza la abiria, AA, lilitoka mwaka 1936, na kampuni ikaandikishwa mwaka 1937. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mwaka 1951, walitengeneza gari la mlimani wakalipandisha Mlima Fuji hadi kituo cha sita. Miaka mitatu baadaye likapewa jina la Land Cruiser. Corolla ilifuata mwaka 1966, Hiace 1967, Hilux 1968. Majina hayo manne, pamoja na Carina na Probox nitakazozifikia, yanatosha kueleza karibu kila kitu kilichowahi kupita na magurudumu manne kati ya Kabezi na Nyanza-Lac tangu wazee wa leo walipokuwa vijana, ukiacha Peugeot za zamani, Land Rover za wakubwa na malori.

Sitajifanya kwamba pwani iliichagua Toyota kwa utulivu, kama mtu anayechagua shati dukani. Historia ya hapa haikuacha nafasi hiyo. Mwaka 1972 uasi ulizuka tarehe 29 Aprili huku kusini, Rumonge na Nyanza-Lac zikiwemo. Ukafuatwa na mauaji makubwa ya Wahutu chini ya serikali ya Rais Micombero, na watu kwa maelfu wakakimbilia Tanzania, wakaishia Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Wengi walirudi baada ya miaka zaidi ya 30, wakakuta mashamba yao ya michikichi yana watu wengine. Mashauri hayo ya ardhi yamejaza mabaraza ya Rumonge hadi leo, na hayo yana tarehe yake. Kwa upande wa magari, ninachokiona ni kwamba waliorudi hawakukata kamba. Walikuwa na shemeji Kasulu, mjomba Kigoma, rafiki wa utotoni anayefanya kazi ya kutoa magari bandarini Dar es Salaam. Mtu wa Rumonge anayetaka gari hupiga simu kwa Kiswahili, na anajua ampigie nani.

Kabla hawajarudi kulikuwa na miaka ya vita. Vilianza mwaka 1993. Buyoya alipotwaa madaraka kwa mapinduzi tarehe 25 Julai 1996, nchi jirani zilitangaza vikwazo siku chache baadaye, na havikusimamishwa hadi Januari 1999. Mafuta yakawa ya magendo, mengine yakivushwa ziwani usiku. Barabara ya Rumonge, ile RN3 ya kilomita 75 hivi kutoka Bujumbura, ikawa ya kuviziana. Tarehe 29 Desemba 2003 balozi wa Papa, Askofu Mkuu Michael Courtney, alipigwa risasi Minago akirudi Bujumbura, akafa. Mzee aliyekuwa dereva miaka hiyo atakutajia Minago kwanza, gari baadaye.

Vita hivyohivyo ndivyo vilivyoleta Land Cruiser nyeupe kwa wingi. Mashirika ya misaada yalizitaka za aina ya 70, zile za bodi ya mraba zenye antena ndefu mbele. Ndani yake kulikuwa na injini iitwayo 1HZ: dizeli, silinda sita, lita 4.2, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1990, isiyo na tabo wala kompyuta ya kuisumbua. Shirika likimaliza mradi huuza. Gari lililobeba dawa miaka kumi linanunuliwa na mfanyabiashara, linafutwa nembo mlangoni kwa petroli na kitambaa, kisha linapakia mawese. Ukilitazama juani kwa pembeni, herufi za zamani bado zinasomeka.

Sasa niingie Buyenzi, maana bila Buyenzi tarehe hii haina mgongo. Ni mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, barabara zake zimepangwa kwa namba, na mafundi wamezijaza. Huyu ni wa bodi na rangi, yule wa umeme, wa tatu anakaa na rafu ya jenereta na stata zilizofutwa vumbi vizuri, wa nne hajui kingine isipokuwa springi. Mtu wa Rumonge akiharibikiwa anamtuma kijana na kipuri kilichoharibika mkononi, kimefungwa kwenye gazeti. Kijana hatamki jina la kipuri. Anakiweka mezani. Muuzaji anakigeuza, anaangalia namba, anaingia ndani, anatoka na chenzake kilichotolewa kwenye gari jingine.

"Hiki ni cha 1NZ, kaka. Cha kwako ni 2NZ?"

"Probox, mzee."

"Probox zipo za aina mbili. Nenda kamuulize baba, injini ni 1300 au 1500, kisha urudi. Sikuuzii ukanilaumu."

Hapo ndipo Toyota ilipozishinda nyingine zote. Nimesikia hoja nyingi kuhusu uimara wake, na nyingi ni za kweli, lakini kuna magari mengine imara yaliyokufa hapa kwa kukosa gasketi moja. Pwani hii hainunui gari peke yake. Inanunua uhakika kwamba kipuri kiko kilomita 75 kutoka nyumbani na kuna mtu atakayekifunga leo.

Baada ya vita zilitamba Corolla na Carina, hasa ile iliyoandikwa Ti nyuma, ambayo watu waliifupisha wakaiita Ti tu. Ilikuwa gari la harusi Jumamosi na la samaki Jumatatu. Kisha ikaja Probox.

Probox ilizinduliwa Japani mwaka 2002 kuchukua nafasi ya Corolla za mizigo. Haikutengenezwa kupendwa. Ni sanduku la wachuuzi wa makampuni, la kubeba sampuli na katoni, lenye nafasi kubwa nyuma na dashibodi ya plastiki ngumu, pamoja na kameza ka kuvuta ambako Mjapani huwekea chakula chake cha mchana. Ikiwa imesajiliwa kama gari la mizigo, sheria ya Japani inaitaka ikaguliwe kila mwaka baada ya ile miaka miwili ya kwanza, na ukaguzi huo una gharama. Kampuni hupiga hesabu, huona bora kuuza. Gari linaenda mnadani, linapanda meli, linashuka Dar es Salaam, linaendeshwa kuvuka Tanzania nzima. Mjapani aliruhusiwa kulipakia kilo 400. Hapa kilo 400 ni abiria peke yao, kabla hujaweka madumu ya mawese nyuma na kikapu cha samaki wa mukeke juu.

Mwenye Probox mpya, yaani mpya kwake, huanza kuishi na mambo ya Japani. Anawasha gari, sauti ya mwanamke inamwambia kitu kwa Kijapani kwa adabu kubwa: kadi ya kulipia barabara haijaingizwa. Abiria wa kwanza wanacheka, wanamjibu. Baada ya mwezi hakuna anayemsikia. Redio nayo inakwaruza tu, kwa sababu masafa ya FM ya Kijapani yalianzia 76 yakaishia 90, na stesheni nyingi za Burundi ziko juu ya hapo. Fundi redio anafunga kiboksi kidogo nyuma ya dashibodi, kidogo kuliko kiberiti cha njiti, na habari za saa saba zinaingia.

Jambo kubwa zaidi ni usukani. Burundi tunapita kulia, Japani wanapita kushoto, kwa hiyo dereva wa gari la Kijapani anakaa upande usiomwonyesha barabara. Ukitoka Bujumbura kwenda Rumonge ziwa liko kuliani kwako. Dereva analiona ziwa vizuri, anaona mitumbwi, anaona wanaoanika ndagala, yaani dagaa. Asichokiona ni kilicho mbele ya lori lililomtangulia. Basi anayekaa mbele kushoto anapewa kazi bila kuulizwa kama anaiweza. Mara nyingi ni mzee au mama mzito, kwa heshima ya kiti cha mbele.

"Mzee, niangalizie."

"Subiri. Kuna Fuso."

"Imepita?"

"Imepita. Kuna baiskeli. Haya, nenda, nenda!"

Hiace ni hivyohivyo, na zaidi: iliyotoka moja kwa moja Japani ina mlango wa abiria kushoto, kwa hiyo hapa abiria wanashuka katikati ya barabara badala ya ukingoni. Konvoyeri, yaani kondakta, akiwa hodari huruka kwanza, anaunyoosha mkono kuzuia pikipiki, ndipo anawaita kina mama washuke. Rwanda ilipiga marufuku kuingiza magari ya usukani wa kulia mwaka 2005. Sisi tuliendelea, kwa sababu ya bei, na kwa maoni yangu tumelipa tofauti hiyo kwa njia nyingine, kwenye kona za Gitaza na Magara.

Mwenye gari mara nyingi si dereva. Magari mengi ya njia hii yana mama nyuma yake, mwenye meza ya samaki au mapipa ya mawese, anayepokea hesabu ya jioni. Mazungumzo yao karibu yanafanana: dereva anataja bariyeri za barabarani, bei ya esansi, yaani petroli, na abiria aliyeshuka bila kulipa, mama anasikiliza, anahesabu noti, anauliza tairi la nyuma. Anachokijua yeye kuliko dereva ni sakafu. Maji ya barafu ya samaki na chumvi ya ndagala hupenya chini ya zulia na kula bati taratibu, wakati injini bado inaunguruma kama mpya. Ndiyo maana mnunuzi mzoefu wa Rumonge hafungui boneti kwanza. Anafungua nyuma, anakunja zulia, anapitisha kidole kwenye tundu la tairi la akiba, kisha ananusa. Harufu ya ndagala haitoki kwa sabuni yoyote. Anaitumia kupunguzia bei.

Barabara yenyewe imekuwa ikidai haki yake. Mwishoni mwa Machi 2015, siku chache baada ya Rumonge kufanywa mkoa, mlima uliporomoka Gitaza, ukaua watu na kukata RN3. Abiria walishuka upande mmoja, wakavuka tope kwa miguu na mizigo kichwani, wakapanda gari jingine upande wa pili. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za kukarabati kilomita 45 za Rumonge hadi Gitaza, pamoja na kilomita 260 upande wa Tanzania, Kabingo, Kasulu hadi Manyovu. Katikati ya kazi ziwa nalo likapanda, likaingia nyumba za ufukoni. Mkoa wenyewe haupo tena: tangu mageuzi ya 2025 Rumonge iko ndani ya Burunga.

Kisha mafuta yakaadimika. Uhaba ulioanza karibu na mwaka 2021 ulizidi mwaka 2024, na magari yakaanza kulala foleni kwenye vituo vikavu. Aliyekuwa na jamaa ng'ambo alipata dumu kutoka Kongo au Kigoma kwa bei ya anayeuza. Hapo sifa za gari zikageuka. Land Cruiser ya 1HZ, iliyokuwa fahari, ikafunikwa turubai uani. Probox ya 1300, iliyokuwa ikidharauliwa kwa udhaifu wa kupanda vilima vya Bururi, ikapanda bei. Safari fupi za mjini zilichukuliwa na bajaji za Kihindi, na siamini kwamba zitarudi kwenye teksi.

Swali la sasa ni la haibridi, gari la petroli lenye betri ya kulisaidia. Probox yenye betri hiyo ilitoka Japani mwishoni mwa 2018, na kwa ratiba ya kawaida ya minada zamu yake ya kupanda meli imefika. Kwa nchi isiyo na mafuta hesabu yake inavutia. Wenye magari wa Rumonge wanauliza mambo mawili tu kabla ya kuuliza bei: betri ikifa nani Buyenzi anaifungua, na je, anayo nyingine ndani? Mpaka wapate jibu wanaendelea kuagiza Probox ya petroli pekee, na kumwambia jamaa wa Dar es Salaam aitafute iliyotoka kwenye kampuni ya vifaa vya ofisi, si ya samaki.